Mtutu wa Bibi Harusi

Mwezi wa Oktoba ulipoingia, milima ya Bonde la Sourwood ilivaa rangi kama watu wanaokwenda shereheni: nyekundu huku, manjano kule, na kahawia katikati. Siku hizo watu wa bonde walikuwa na mazungumzo mawili tu midomoni. La kwanza lilikuwa harusi ya Delphia Tackett na Corbin Slone. La pili lilikuwa mashindano ya ng'ombe, yale ya kulenga shabaha kwa bunduki kugombea nyama yake, ambayo kila mwaka hupigwa Jumamosi moja kabla majani hayajaanguka yote. Mwaka huo mashindano yalitangulia, na harusi ilifuata juma moja baadaye.

Estill Tackett, baba yake Delphia, alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu mkewe afariki, alimlea binti huyo peke yake, na furaha ya kumwoza ilimpanda kichwani kama pombe kali. Ibada ilipokwisha Jumapili moja, alisimama mbele ya kanisa zima, kofia mkononi.

"Jamani, kwenye harusi ya binti yangu hakuna atakayekula kuku," alisema. "Kuku mnao makwenu. Kwangu mtakula paja zima la ng'ombe, limeokwa shimoni. Kazi yenu ni kuja na meno."

Watu walicheka na kupiga makofi. Kina mama walianza kugawana keki hapo hapo, kwa maana katika harusi ya bondeni kila mgeni huja na tabaka moja la keki, na matabaka hupangwa moja juu ya jingine. Ahadi ya Estill ikavuka vilima na kufika hadi bonde la pili. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno la mtu kanisani ni zaidi ya maji.

Basi juma lilelile upepo uliangusha mcheri-mwitu kando ya ua wa Estill. Kila mfugaji wa huko anajua kwamba majani ya mti huo yakinyauka hugeuka sumu, na kwamba ukianguka karibu na mifugo unaacha hata chai mezani ukakimbie kuuondoa. Lakini Estill siku hiyo alikuwa mjini akijaribu suti. Aliporudi, maksai aliyemnenepesha mwaka mzima kwa ajili ya harusi alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa. Nyama hiyo haikufaa hata kwa mbwa.

Estill alikaa barazani akayatazama maji ya kijito mpaka jua likapita.

"Watanicheka mpaka kaburini," alisema mwishowe. "Nimesema kwa kinywa changu mwenyewe."

"Baba, acha unyonge," Delphia alimjibu. "Jumamosi ijayo kuna ng'ombe wa mashindano. Paja lake la nyuma lina mwenyewe?"

"Mwenyewe ni atakayelipiga."

"Basi umeshamwona."

Hayo hayakuwa majigambo matupu. Delphia alikuwa na bunduki yake ya risasi ndogo, zile ambazo nyundo huzigonga ukingoni mwa kitako ndipo baruti ikawaka. Ni bunduki ya kuwindia kindi, na nyumba nyingi za bondeni zinayo nyuma ya mlango. Delphia alianza kupiga nayo akiwa bado na meno ya utoto, na kindi wa kilima kile walimjua kama kuku wanavyomjua mwewe.

Lakini Corbin, mchumba wake, naye alikuwa na mambo yake. Corbin alikuwa fundi wa vyuma katika karakana inayotengeneza mitambo ya migodini. Kijana mwenye mikono ya dhahabu na moyo mwepesi kuwaka. Aliposikia habari za maksai, aliiazima bunduki ya Delphia akisema anataka kuipaka mafuta tu. Jumanne jioni aliirudisha imefungwa blanketi, naye anatabasamu hadi masikioni.

"Fungua. Ni zawadi ya harusi," alisema. "Nimeshindwa kuingoja siku yenyewe."

Delphia alifungua. Kitako kilikuwa kilekile cha mti wa jozi alichokizoea, lakini mtutu ulikuwa mpya, unang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

"Umebadilisha mtutu?"

"Nimekuchongea. Hebu chungulia ndani uone mifereji ilivyojisokota." Corbin hakuweza kutulia; alikuwa akizunguka meza kama mtoto. "Unajua risasi inatoka imenyooka kwa sababu ile mifereji inaizungusha kama pia ya watoto. Sasa mtutu wako wa zamani uliizungusha mara moja kwa kila inchi kumi na sita. Huu, inchi tisa tu, risasi imeshageuka mzunguko mzima. Karibu maradufu, mpenzi wangu. Pia ikizungushwa kwa nguvu si ndiyo inasimama wima?"

"Ndiyo inasimama," Delphia alisema polepole. "Na ule wa zamani umeuweka wapi?"

"Nimeukata vipande. Ndiyo bawaba za geti la nyumba yetu. Chuma kizuri kile, hakitapata kutu hata wajukuu wazaliwe."

Delphia alicheka, kwa kuwa Corbin alikuwa akicheka. Alimbusu shavuni akamshukuru.

Kesho yake, Jumatano, alipanda nyuma ya banda peke yake na kasha la risasi alizozizoea, zile fupi nyepesi ambazo bunduki yake ilizila tangu siku zote. Akalala chini, akavuta pumzi, akapiga. Risasi ya kwanza ilikwenda kushoto. Ya pili ikaenda juu. Ya tatu ikakaa karibu na alama, ya nne ikaikimbia ya tatu kana kwamba zilikuwa zimegombana. Akabadilisha mlalo, akafunga skrubu, akasafisha mtutu, akapiga tena. Zilitawanyika vilevile, kama vifaranga waliosikia mwewe. Si kwamba zilikosa ubao. Lakini mashindano ya ng'ombe hayapigwi kwa kutokosa ubao.

Alikaa kwenye nyasi, bunduki mapajani. Kumwambia Corbin kwamba zawadi yake imeharibu kila kitu? Alimkumbuka alivyokuwa akizunguka meza. Akapiga moyo konde, akanyamaza.

Jumamosi ilifika na baridi kali asubuhi. Magari yalipangana kando ya kijito mpaka darajani. Katikati ya uwanja, amefungwa kwenye mti, alisimama ng'ombe mwenyewe, mwekundu, ametakata, anatafuna majani bila habari. Kanuni ilikuwa ya tangu zamani. Kila mpigaji ana ubao wake uliochomwa moto hadi ukawa mweusi, na juu yake ameuchora msalaba kwa ncha ya kisu. Anapiga risasi tano kutoka yadi mia. Kisha kila tundu linachomekwa kijiti, na kamba inapimwa kutoka katikati ya msalaba hadi kijiti, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vitano, urefu ukijumlishwa. Mwenye kamba fupi ndiye mshindi. Raundi ni mbili, moja kabla ya chakula na moja baada yake, na inayohesabiwa ni ile kamba yako iliyo fupi zaidi. Wawili wa kwanza huchukua mapaja ya nyuma, wa tatu na wa nne mabega, na wa tano huchukua ngozi na mafuta.

Aliyeshika kamba alikuwa Bi Icie Napier, mjane mwembamba, mkali kama pilipili, ambaye hata mumewe alipokuwa hai hakuwahi kumpunguzia kamba.

"Sikilizeni," alisema akiwa amesimama juu ya kisiki. "Kila mtu na bunduki ya nyumbani kwake. Bunduki ya kuazima nisiione. Aliyekuja kubishana na kamba yangu, aanze kubishana sasa hivi ili tumalize, tupate kula."

Hakubisha mtu.

Kati ya wapigaji alikuwamo Burl Hensley, kaka wa mama yake Corbin. Burl alikuwa amechukua paja la nyuma mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai bondeni, na mdomo wake haukuwahi kusahau. Mwaka huo alikuja na jambo jipya. Alikuwa ameagiza kutoka mbali kasha la risasi ndefu nzito, akalionyesha kwa kila mtu kama anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Hizi ndizo wanazopiga mabingwa," alisema. "Risasi zangu zote za zamani nimewagawia wapwa zangu wadogo wakapigie makopo. Upepo unaweza kusukuma vile vipunje mnavyotumia nyinyi. Hii hauisukumi."

"Mjomba, hiyo ni risasi au kijiti cha kibiriti?" Corbin alimtania.

"Cheka tu. Utakula harusi yako kwa maharage na mkate wa mahindi."

Estill alisikia maneno hayo, akainamisha uso.

Raundi ya kwanza ikapigwa. Delphia alijitahidi kwa kila alichokijua. Alisubiri upepo utulie, akavuta kifyatulio polepole kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Lakini kamba ya Bi Icie haikujali jitihada. Ilipita kijiti cha kwanza, ikapita cha pili, ikazidi kurefuka, na ilipofika cha tano watu walianza kutazama pembeni kwa aibu. Wapigaji kumi walikuwa mbele yake. Verlin Combs, mwenye duka, mtu mpole asiyepiga kelele, ndiye aliyeongoza kwa kamba fupi iliyofungwa vizuri kwenye msumari juu ya uzio, inaning'inia ili kila mtu aione.

Na Burl je? Kamba ya Burl ilikuwa mbaya kuliko ya Delphia.

"Upepo," alisema Burl.

"Ulisema haziyumbishwi na upepo," mtu mmoja alimkumbusha kutoka nyuma.

"Upepo wa kawaida. Huu umetoka kwenye mgodi." Watu walicheka, naye akajitia hamnazo akaenda kutafuta bakuli la maharage.

Wakati wa chakula Delphia hakuchukua bakuli. Alipita kwenye uzio ambapo mbao ziliegeshwa, akaitazama yake, kisha bila kukusudia akaitazama ya Burl. Hapo ndipo aliposimama. Matundu mawili ya Burl hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, membamba upande mmoja, kama tundu la ufunguo mlangoni.

Risasi iliyofika imetanguliza ncha huacha duara. Hizi zilikuwa zimefika zimelala ubavu.

Delphia aliiona akilini pia ya kuchezea ya utotoni mwake ikizunguka sakafuni, inachoka, inayumba, kisha inalala. Pia ndefu nzito inataka mkono wenye nguvu. Ukiizungusha kivivu inaanguka. Na pia fupi je, ile iliyochongwa kwa kisu, isiyo sawa sana pande zote? Hiyo ukiizungusha taratibu inasimama bila shida. Ukiizungusha kwa nguvu zote, ule upogo wake mdogo unaamka, inaanza kurukaruka.

"Corbin!" aliita. "Njoo, na futi yako uje nayo."

Corbin alikuja mdomo umejaa mkate. Delphia alimwonyesha matundu, akamweleza kwa maneno mawili matatu. Corbin aliacha kutafuna. Alitazama ubao wa Burl, akatazama ubao wa Delphia, na rangi ikamtoka usoni.

"Umejua tangu lini kwamba mtutu wangu unatawanya?"

"Tangu Jumatano."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

"Delphia, mimi natafuta mke, sitafuti mtu wa kunihurumia," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akameza mkate wake kwa shida. "Ungeniambia Jumatano, tungekuwa tumeshapona. Haya, twende kwa mjomba. Lakini huyo hatakubali hata ukimwonyesha jua mchana."

Burl alikuwa amekaa kwenye mkia wa gari lake, mlango wa nyuma umeshushwa, watu wamemzunguka, anaeleza habari za upepo.

"Mjomba Burl, naomba nione risasi yako moja," Delphia alisema.

"Ukiiona usiimeze, bibi harusi."

"Ubao wako una matundu ya risasi zilizolala ubavu."

"Upepo umezilaza."

"Upepo unaweza kulaza risasi?"

"Upepo wa bonde hili uliwahi kulaza banda la baba yako, mbuzi wakiwa ndani."

Kicheko kikapasuka. Delphia naye alicheka, kisha akatoa ufito wa kusafishia bunduki, ule ambao mpini wake unauacha ujizungushe wenyewe, akaufunga kitambaa kwa kukaza.

"Mjomba, niruhusu nipime mtutu wako. Nikikosea, utaila keki yangu yote ya harusi peke yako."

"Na tabaka la Icie Napier?"

"Na hilo."

"Hilo ndilo ninalolitaka. Pima."

Delphia aliuingiza ufito mdomoni mwa mtutu hadi kitambaa kikashika mifereji. Akatoa rangi yake ya midomo mfukoni, akaweka nukta nyekundu upande wa juu wa ufito, na mstari mwekundu pale ulipoingia. Kisha akausukuma polepole. Watu walisogea karibu. Nukta nyekundu ilianza kuinama upande, ikapotea chini, ikachukua muda wake, ikaibukia upande wa pili, na mwishowe ikarudi juu. Akaweka mstari mwingine. Corbin alinyoosha futi kati ya mistari miwili.

"Kumi na sita," alisema.

Wakafanya vilevile kwenye mtutu wa Delphia. Mara hii nukta iligeuka haraka, haikuchelewa kurudi.

"Tisa."

"Sasa mjomba, tazama," Delphia alisema. Alisimamisha risasi ya Burl na risasi yake juu ya mkia wa gari, moja ndefu kama jogoo anayewika, nyingine fupi. "Hii ndefu inataka kuzungushwa sana ndiyo isianguke. Mtutu wako unaizungusha kidogo, kwa hiyo inalala njiani. Hii yangu fupi inataka mzunguko wa kiasi, na mtutu wangu unaipeleka mbio mpaka inarukaruka. Wewe una risasi zangu, na mimi nina risasi zako. Tubadilishane."

Burl alilikumbatia kasha lake.

"Ahaa. Ndipo ulipokuwa unaelekea. Unataka kunipora risasi za mabingwa, unipe vipunje."

"Vipunje hivyo ndivyo vilivyokupa mapaja yote unayojisifia, mjomba," Corbin alisema.

Hapo Burl alikwaruza kidevu. Nyuma yake mtu akasema taratibu, "Maneno hayo ni kweli, Burl," naye akageuka kutafuta ni nani, asimwone.

Lakini Estill alimvuta bintiye pembeni. Jasho lilikuwa limemtoka ingawa kulikuwa na baridi.

"Mwanangu, fikiri kabla hujatoa," alinong'ona. "Mapaja ni mawili. Ukimpa Burl risasi zako, amepona, na akipona, moja limekwenda. Bado Verlin naye yuko mbele. Mwombe risasi zake ukajaribu, lakini zako usimpe. Yeye mwenyewe anaamini ni upepo."

Delphia alimtazama baba yake, akaona hofu aliyokuwa nayo. Alijua vizuri aibu iliyomkalia shingoni.

"Baba, nikimwacha na upepo wake nikachukua paja, kesho nitamwita mjomba kwa mdomo gani? Na nyama hiyo itapita kooni kwa nani?"

Estill alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Bi Icie aliitwa atoe hukumu. "Kanuni imesema bunduki ya nyumbani," alisema. "Risasi hata mkirithishana ni shauri lenu. Lakini fanyeni hima, mkate umebaki kidogo na raundi inaanza."

Basi wakashuka kijitoni kwenye kisiki cha majaribio. Delphia aliweka risasi ndefu ya Burl, akalala, akapiga. Ilipiga chini, kwa kuwa risasi nzito hushuka zaidi, lakini tundu lilikuwa la duara kama kifungo cha shati. Alipandisha kilengeo cha nyuma, akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Zilikaa pamoja hata ungeweza kuzifunika kwa kizibo cha chupa. Corbin alipiga goti kwenye matope akazitazama kwa karibu, masikio yake mekundu kwa furaha.

Burl naye alipiga risasi fupi. Moja tu. Alikwenda mwenyewe kuitazama, akakaa kule kisikini muda mrefu, kisha akarudi.

"Basi, leteni kasha zima," alisema. "Na habari hizi zisifike kwa wapwa zangu wadogo."

Raundi ya pili ilianza na uwanja umejaa kuliko asubuhi, kwa maana habari za rangi ya midomo zilikuwa zimepanda hadi nyumba za juu kabisa. Verlin alipiga, lakini hakuifupisha kamba yake ya asubuhi. Burl akafuata. Alipiga kama zamani, bila maneno, na hilo peke yake liliwatisha watu. Bi Icie alichomeka vijiti, akapitisha kamba, akaikata, akaitundika msumarini kando ya ile ya Verlin. Ya Burl ilikuwa fupi zaidi kwa upana wa kidole gumba.

Umati ukavuma. Estill alishika uzio kwa mikono miwili. Paja moja lilikuwa limekwenda kama alivyosema, na lile la pili lilikuwa la Verlin. Delphia alibaki wa mwisho kupiga.

Alilala juu ya blanketi. Alipumua mara kadhaa akitazama majani ya miti ya kando ya uwanja. Yalipolegea, alifyatua. Alisubiri tena. Majani yalicheza, akasubiri, watu wakasubiri naye, hata ng'ombe akaacha kutafuna. Akapiga ya pili, na ya tatu. Kabla ya ya nne upepo ulishuka kutoka kilimani ukapeperusha kofia ya mtu, na Delphia akainua shavu kutoka kwenye kitako, akafunga macho, akangoja mpaka ukapita wote. Akapiga. Kwa ya tano kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Alikitia mdomoni kukipasha moto, na mtu akacheka kwa woga. Kisha mlio ukasikika, mwembamba kama kuvunjika kwa kijiti, na kazi ikawa imekwisha.

Ubao uliletwa. Matundu yote matano yalikuwa ya duara, yamebanana kando ya msalaba kama vifaranga chini ya mama yao. Bi Icie alivaa miwani. Alichomeka vijiti, akavuta kamba kutoka msalabani hadi cha kwanza, akairudisha, akaivuta hadi cha pili. Alipofika cha tano alibana kamba kwa kucha, akaikata, akaenda uzioni kwa mwendo wake uleule wa kizee usiojua haraka, akaitundika.

Ilikuwa fupi kuliko ya Verlin. Kila mtu aliliona hilo mara moja, na Estill alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Lakini kati yake na ya Burl watu walianza kubishana, hata Bi Icie akazishika zote mbili kwa vidole viwili akazinyoosha pamoja. Ya Delphia iliishia kwanza, kwa unene wa ukucha.

Kelele zilizopigwa zilimshtua ng'ombe akakata kamba yake, na ilibidi wanaume watatu wamkimbize hadi kijitoni. Corbin alimwinua Delphia juu pamoja na bunduki na blanketi. Verlin Combs alikuja akampa mkono na kumwambia kwamba hata bega linatosha watu wa nyumbani kwake.

Burl ndiye aliyekuja mwisho. Alizitazama kamba zilizoning'inia, akatikisa kichwa.

"Usidhani umenishinda, bibi harusi," alisema. "Nimeshindwa na risasi zangu mwenyewe."

"Na mimi, mjomba, kidogo tu nishindwe na zangu."

"Hilo paja langu nitalificha kwenye barafu. Jumamosi nakuja kula lako."

Na kweli alikuja. Paja liliokwa shimoni juu ya makaa ya mwaloni, keki ikapanda tabaka kwa tabaka hadi ikaegemezwa ukutani, na Estill Tackett akapita katikati ya wageni na kisu kirefu mkononi akikata nyama na kuuliza kila mtu kama amekuja na meno yake. Jioni hiyo Corbin alimnong'oneza mkewe kwamba akitaka, atamchongea mtutu mwingine, wa inchi kumi na sita kama ule wa kwanza.

"Usiuguse," Delphia alimjibu. "Huu hauna kosa lolote. Tulikuwa tunaulisha chakula cha mwenzake."

Burl, aliyekuwa amekaa karibu na nyama na masikio wazi, aliinua mfupa wake kukubali. Bunduki mbili, risasi za aina mbili, na kila moja ilikuwa imedharauliwa mpaka ilipopewa iliyokuwa yake. Ama kweli, kila ndege huruka kwa ubawa wake.